Kuku Chini ya Kofia

Siku Éphraïm alipokutana uso kwa uso na Mama Berthe, mama wa mchumba wake Rébecca, alijitupa mtaroni. Ilikuwa barabara ya sokoni Butembo, saa nne asubuhi, mbele ya watu wote, naye amevaa shati jeupe la kwendea masomoni. Mama Berthe alikuwa anatoka upande wa pili na furushi la vitunguu kichwani. Kwa kabila lao la Wanande, mwanamume aliyekwisha kupeleka mbuzi wa kwanza wa posa hatazamani tena na mama wa binti. Hamwiti kwa jina, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani mmoja wao hujificha. Siku hiyo pa kujificha palikuwa mtaro tu. Mama naye alijifunika uso kwa kitenge akapita zake, na jioni akatuma neno kwa Rébecca kwamba kijana ana adabu, ila alifue lile shati.

Wengi mjini walikuwa wameshailegeza desturi hiyo. Kuna wakwe waliokuwa wakiamkiana barabarani kama majirani, na kuna mmoja, sitamtaja, aliyekuwa akinywa kasikisi, pombe ya ndizi, na mama mkwe wake kwenye kikombe kimoja. Mama Berthe hakulegeza kitu. Alikuwa mwanamke wa Kirumba, mfanyabiashara wa maharagwe, mjane, na alisimama wima hata alipokuwa ameketi.

Kosa la Éphraïm machoni pake lilikuwa moja tu: kijana alikuwa mchezaji wa michezo ya kuigiza. Alisoma mwaka wa tatu katika chuo cha ualimu kilichokuwa juu ya kilima, alikuwa na miaka ishirini na sita kwa kuwa vita vilimfungia shule mara mbili, hakunywa, hakugombana na mtu. Lakini Mama Berthe alikuwa ameambiwa kwamba akipanda jukwaani anajifanya kichaa, analia kama mbuzi, anabebwa mgongoni. Akajiuliza kama mtu wa namna hiyo anajua heshima ni nini. Basi hakukubali wala hakukataa. Mbuzi wa kwanza alimpokea, siku ya harusi hakuitaja, na mwaka mzima ukapita Rébecca akingoja neno moja kutoka Kirumba. Éphraïm alimpenda Rébecca hadi usingizi ukamhama, na kwa kuwa hakuruhusiwa kwenda kujitetea mwenyewe, alikuwa mtu anayehukumiwa bila kuitwa barazani.

Sasa, chuo kile kilikuwa na desturi yake nzuri. Kila mwaka kati ya Pasaka na Pentekoste, mvua zinapolainisha vilima na maharagwe yanapoanza kutambaa, walifanya Jumamosi tano za sanaa. Mwaka uliotangulia hazikufanyika, kwa sababu risasi zililia mjini wiki ile ile ya Pasaka. Mwaka huu wa elfu mbili mwalimu Ananie, aliyefundisha Kifaransa na kusimamia michezo, alisema kwamba zitafanyika hata kama watazamaji watakuwa yeye na mlinzi wa lango. Watu walikuja mpaka wakakaa madirishani. Kwa kuwa saa kumi na mbili jioni kila mtu alipaswa kuwa nyumbani kwake, mambo yalianza saa saba mchana. Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya kwaya. Ya pili ilikuwa ya mashairi, na mvua ikapiga mabati hata washairi wakawa wanapiga kelele kama wauza samaki, na watu wakasema hawajawahi kusikia mashairi yenye nguvu namna hiyo.

Katika wiki ya tatu barabara ya kusini, ya kurudi Kirumba, ikafungwa. Watu wenye bunduki walikuwa wanapigana upande wa Alimbongo, na hakuna gari lililothubutu kupita. Mama Berthe alikuwa ameshuka Butembo na magunia yake katika lori la Idi, mchukuzi Mwislamu wa Beni, mnene, anayejulikana kwa usemaji wake katika kila kizuizi toka Beni hadi Kirumba. Wote wawili wakakwama. Idi, aliyekuwa na mzigo wa Kirumba, alilaza lori uani kwa rafiki yake. Mama Berthe akafikia kwa dada yake, katika nyumba ya mbao mtaa wa chini ya chuo, alikokuwa anaishi Rébecca.

Maharagwe yaliisha kuuzwa siku ya pili. Siku ya nne mama alikuwa ameshapanga upya jiko la dada yake, na siku ya tano dada akamwomba Rébecca, kwa jina la Bikira Maria, amtoe mama yake nje kidogo. Rébecca akampeleka kwenye Jumamosi ya tatu, ya ngoma za vijiji. Mama Berthe aliwaona wachezaji wa Masereka, akatikisa kichwa, akasema wanawake wa Kirumba wangeinua miguu zaidi. Lakini Jumamosi ya nne, ya michoro, alivaa mwenyewe bila kuambiwa. Alizunguka ukumbi mara mbili na mikono nyuma, akamwuliza mchoraji mmoja kwa nini amechora milima bila shamba hata moja.

Jumatatu yake Rébecca alipanda chuoni mbio mbio, akamkuta Éphraïm chini ya mti wa avoka anajisomea maneno ya mchezo wa Jumamosi ya tano.

“Mama anakuja Samedi,” akasema.

Éphraïm akafunga daftari. “Atakaa nyuma?”

“Atakaa mbele kabisa. Asema macho yake haione mbali. Anataka hata nimubebee kiti ya salon ya tantine, dada yake.”

“Rébecca, ile siku miye njo ninacheza.”

“Anajua. Ni juu ya ile njo anakuja. Asema atafunika kichwa, atasikiliza tu, ataona kama kuna kitu.”

“Na miye nifanye je? Niko nakula mule ndani. Ninakula bugali nzima mbele ya batu.”

Rébecca akaketi kando yake, akachuma jani akalikunja. “Ukicheza mbele yake, atasema hauna heshima. Ukiacha kucheza, atasema unaogopa. Sijue, Éphraïm. Sijue kabisa.”

Inafaa nieleze mchezo wenyewe, maana ungeweza kudhani kijana anajitafutia sababu. Mchezo ulimhusu mtu mmoja anayeitwa Ficha, ambaye kwa kuogopa waporaji anaficha kila alicho nacho. Redio anaificha ndani ya chungu cha maharagwe na mkewe anaipika. Baiskeli anaipandisha juu ya mti. Akisikia askari wanakuja, bugali la familia analila lote akiwa amesimama, ili lisionekane, na kuku wake wa mwisho anamweka kichwani na kumfunika kwa kofia kubwa. Askari wanaingia, wanamsalimu, naye anajibu kwa adabu huku kofia inatembea. Hakuna mtu Butembo aliyekuwa hajaficha kitu mwaka ule. Mwalimu Ananie mwenyewe alikuwa amezika mashine yake ya chapa chini ya viazi.

Éphraïm alimwendea Ananie, akamweleza. Ananie alikuwa Mnande kama yeye na hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

“Tumupe Lusenge ile nafasi,” akasema.

Lusenge alikuwa anacheza askari wa kwanza, kijana mrefu mwenye kumbukumbu nzuri. Maneno aliyajua yote. Aliyemkataa ni kuku. Kuku yule, walimwita Mademoiselle, alikuwa amekaa juu ya kichwa cha Éphraïm kila siku tangu Kwaresima, akila punje mkononi mwake, na chini ya kofia alitulia kama mtawa. Walipomweka juu ya Lusenge alimkwaruza paji la uso hadi damu, akaruka, akapita dirishani, na darasa zima la mwaka wa kwanza likatumwa bondeni kumtafuta. Walijaribu kuku mwingine, na huyo alikuwa mbaya zaidi.

“Bon,” alisema Ananie jioni ya Alhamisi, akiwa na manyoya kwenye miwani. “Ni weye tu.”

“Basi nitacheza nikipatia batu mugongo.”

“Batu banatoka Beni, banapita barrière saba ya askari, juu ya kuona mugongo yako?”

“Mwalimu, hapana unikasirikie. Miye siwezi kumufanyia ile haya.”

Ungeuliza kwa nini hawakumwomba mama asije, au akae nyuma. Nani angeenda? Na angesema nini, kwamba heshima ya mama imekuwa mzigo kwa wachezaji? Afadhali kumwambia askofu kwamba misa yake ni ndefu. Ananie alizunguka meza, akashika kichwa, akasema ni sawa, Mungu ni mkubwa, na akaenda zake kulala na hasira.

Jumamosi jua lilitoka. Ukumbi ulijaa, watu mia tatu na zaidi, akina mama na watoto migongoni, wafanyabiashara, masista, na kwenye mabenchi mawili ya pembeni askari na bunduki zao kati ya magoti. Idi alikaa kwenye benchi la pili na wapakizi wake wanne. Mbele ya wote, katikati, Rébecca aliweka kiti cha mbao chenye mito ya kufuma, na Mama Berthe akakikalia, kitenge kimemfunika kichwa hadi kwenye nyusi.

Éphraïm aliingia kinyumenyume.

Mwanzoni watu walicheka sana. Walidhani Ficha ni mtu anayeogopa hata anatembea nyuma nyuma, na kwa kweli lilikuwa wazo zuri kuliko mengi yaliyoandikwa. Lakini mtu hachekeshwi na mgongo saa nzima. Redio ilipopikwa, uso wa Ficha haukuonekana. Baiskeli ilipopanda mtini, maneno yalienda ukutani na hayakurudi. Mtu mmoja akasema kwa sauti, “Geuka.” Mwingine naye akasema. Kisha madirishani wakaanza kupiga miluzi, na akina mama wakaanza kuongea habari zao za bei ya mafuta.

Ilipofika bugali, watu waliona viwiko viwili tu vinapanda na kushuka. Wakazomea. Éphraïm alikuwa anatafuna, jasho linamtiririka mgongoni ambako kila mtu aliweza kuliona, na moyoni alikuwa na huzuni iliyomzidi. Alikuwa anaua mchezo aliokuwa ameupenda kwa miezi mitatu. Wenzake waliokuwa jukwaani walimtazama kwa macho ya kumsihi. Na yule aliyefanyiwa heshima hiyo yote alikuwa ameketi hatua nne nyuma yake, na huenda alikuwa anasema moyoni kwamba si hivyo tu, kijana hana adabu na mchezo wenyewe hajui. Alitamani kugeuka, hilo sitalificha. Akajikaza, akamweka Mademoiselle kichwani, akashusha kofia, mgongo wake ukiwa bado kwa watu, na kelele zikaongezeka.

Ndipo akasikia mbao zinasugua sakafu, polepole, halafu tena. Kelele zikapungua. Zikapungua hadi zikaisha kabisa, na ukimya wa watu mia tatu ukamtisha kuliko miluzi.

“Éphraïm,” Ananie alinong'ona toka nyuma ya pazia. “Amegeuza kiti.”

“Nini?”

“Mama amegeuza kiti yake. Anakupatia mugongo. Geuka sasa, mutoto yangu, geuka.”

Aligeuka. Mbele yake aliona kitenge cha bluu, fundo la kilemba, na mgongo wa mwanamke aliyesimama wima hata alipokuwa ameketi. Mama Berthe alikuwa ameinuka mbele ya ukumbi mzima, akabeba kiti chake mwenyewe, akakizungusha, akaketi akiwatazama watu. Mia tatu walikuwa wanamtazama yeye, naye anawatazama wao, na ilikuwa dhahiri kwamba hatageuka tena hata nyumba ikiungua.

Wanande waliokuwa ukumbini walielewa kabla ya wengine. Wazee wa mabenchi ya nyuma walianza kuguna, lile guno la kuridhika, na mmoja akawaeleza wageni wa Beni: “Ni mama mukwe.” Neno likatembea safu kwa safu, na lilipofika madirishani watu walipiga makofi ambayo hayakuwa ya mchezo.

Basi Éphraïm akacheza. Alicheza kama mtu aliyefunguliwa kamba. Lusenge, askari wa kwanza, alimwuliza mbona kofia yake inatembea, naye akajibu kwamba ni mawazo, mwaka huu ana mawazo mengi. Alimwuliza mbona kofia inasema kwe-kwe, akajibu kwamba ni kikohozi kimempanda kichwani. Kisha yai moja, ambalo Ficha alikuwa amelificha kwenye kunjo la kofia, likapasuka, likamshuka usoni taratibu, jeupe na la manjano, likapita puani, likaning'inia kidevuni. “Na ile ni nini?” akauliza askari. Ficha akalilamba kidogo, akamtazama kwa heshima kubwa. “Ni jasho, mon commandant. Sisi ya huku tunatokaka jasho ya namna ile.”

Idi wa Beni alianza kwa kupiga paja. Kisha akakosa pumzi. Kisha akaanguka nyuma na benchi, na wapakizi wake wanne, na sista mmoja aliyekuwa pembeni, na walipojaribu kumwinua alilala chini akionyesha jukwaa kwa kidole, machozi yanamtoka, hawezi kusema kitu. Askari mmoja wa kweli alikuwa ameweka bunduki sakafuni na kujishika mbavu. Ukumbi wote ulikuwa unalia kwa kicheko.

Mgongo wa Mama Berthe haukutikisika, na Éphraïm aliuangalia hadi mwisho. Mchezo ulipokwisha, watu wakiwa bado wanapiga makofi, mama aliinuka, akamwonyesha Rébecca kiti, na wakatoka kwa mlango wa upande. Jua lilikuwa linashuka na kila mtu alikuwa na haraka ya kufika kwake. Wenzake walimkumbatia, Ananie alimbusu paji la uso pale palipokuwa na yai, na yeye alikuwa anawaza mlango ule wa upande tu.

Kesho yake, baada ya misa, Rébecca alikuja kumwita. “Mama asema uende nyumbani kwa tantine. Upitie nyuma.”

Alipitia nyuma, kwenye kiwanja kidogo cha migomba, akasimama mbele ya ukuta wa mbao. Upande wa pili wa mbao alisikia kiti kinalia. Rébecca alisimama mlangoni, katikati yao, kwa kuwa mkwe na mama mkwe hawasemezani ila kwa mdomo wa mtu mwingine, hata kama wanasikiana vizuri kabisa.

“Mwambie kama miye jana sikuona kitu,” ilisema sauti ya Mama Berthe.

“Mama asema hakuona kitu.”

“Nimesikia,” akasema Éphraïm, akatazama miguu yake.

“Mwambie niliona tu sura za batu. Kwanza niliona vile bananuna. Niliona banamuzomea, batu wazima na batoto, na yeye hakugeuka. Nilingoja ageuke. Nilisema moyoni, sasa atageuka, mutu hawezi kuvumilia ile. Hakugeuka. Donc ilipashwa miye nigeuke.”

Éphraïm alisimama pale, macho yamemjaa maji, na hakuona aibu.

“Kisha niliona ule Idi,” sauti iliendelea, na sasa ilikuwa imebadilika, ilikuwa na shauku kidogo. “Mutu mukubwa vile. Mu Januari alizika ndugu yake, mu njia yote ya Kirumba hasemake kitu, yeye mwenye alikuwaka msemaji. Na jana nilimuona anaanguka na banc. Usiku wote nilikuwa nikijiuliza: Idi alianguka juu ya nini? Mwambie anionyeshe.”

“Mama, hawezi kukuonye—”

“Mbao iko. Acha acheze.”

Basi Éphraïm akacheza kule nyuma, kati ya migomba na karo la maji machafu, bila kofia, bila askari, bila Mademoiselle. Aliifanya sauti ya Lusenge, akaifanya ya Ficha, akalia mwenyewe kama kuku. Majirani walichungulia juu ya ua wakadhani amerukwa na akili. Mbao zilikaa kimya kwenye redio na kwenye baiskeli. Kwenye kikohozi kilichompanda mtu kichwani, kitu kama chafya kilisikika. Akaeleza jinsi yai linavyoshuka, kwa sauti ya chini, pua, kisha kidevu, akasema, “Ni jasho, mon commandant,” na upande wa pili wa mbao Mama Berthe alipasuka.

Rébecca aliniambia baadaye kwamba tangu baba yake azikwe hakuwa amesikia kicheko hicho, na kwamba alikuwa amekisahau, kumbe kilikuwa kikubwa namna ile, kinaanzia tumboni, kinapiga mabati. Dada mtu alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mama alicheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akaomba maji. Éphraïm aliweka kiganja kwenye ubao, akausikia unatikisika.

Alipopata pumzi, mama alisafisha koo kurudisha sauti yake ya biashara.

“Rébecca, mwambie mbuzi zenye zilibaki azilete mbele ya Pentekoste. Njia ikifunguka sitapanda ile lori. Nitabakia huku mpaka niwaozeshe.”

Rébecca alikuwa ameketi kwenye kizingiti, kitenge mdomoni, analia na kucheka pamoja.

“Umemwambia?”

“Amesikia, Mama.”

“Wasingya, aksanti. Basi mwambie arudilie pale pa kikohozi, pale sikusikia muzuri.”